Mbwa Wangu Anararua Mbwa Wageni, na Jumamosi Anauawa

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba msaada nikiwa nimefura, kwa sababu usiponijibu mapema nitafanya jambo la kujutia. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, karakana yangu iko mbele ya nyumba, na nina mbwa dume wa miaka minne tunayemwita Karani kwa sababu utotoni alikuwa analala juu ya daftari langu la oda, mpole kwa watu kiasi kwamba mteja anaweza kumkanyaga mkia asiseme kitu, lakini akimwona mbwa asiyemjua, Shangazi, anageuka shetani. Nimemfunga mlangoni kwa mnyororo niliouunga mwenyewe, mfupi, hatua moja tu, na kila mbwa wa watu akipita barabarani anaruka na kubweka mpaka anajikaba, nami natoka na ndala nampiga, navuta mnyororo mpaka anakohoa, na nimefanya hivyo mwaka mzima kwa sababu sidekezi mnyama, lakini badala ya kupoa anazidi. Zamani alikuwa ananguruma kwanza, hilo nilimkomesha, sasa hangurumi kabisa, anaruka tu kimyakimya.

Jumapili dada yangu mkubwa alihamia kwetu, chumba cha uani, na kijibwa chake jike, nikaona heri wajuane siku hiyo hiyo yaishe, nikamshika Karani shingoni tukawakutanisha pua kwa pua kwenye korido, naye alikuwa ametulia tuli, hana hata sauti, nikamwambia dada, "Unaona, hana neno," na sijafunga mdomo alishamrarua mwenzake sikio, dada akaingiza mkono kuwaachanisha akang'atwa kidole. Sasa dada hanisemeshi. Mke wangu ameniambia, "Baba, mimi na wifi hatuwezi kuishi kwa kuchungulia milango," na amemwita bwana mifugo aje Jumamosi na sindano ya kumuua. Nina hasira na mbwa, na dada aliyeleta kijibwa, na mke aliyeamua bila mimi, na majirani ambao jana walimsifia ukali leo wananong'ona. Nimemlisha miaka minne, kosa langu ni nini? Nimpige zaidi au nimwache afe?

Ni mimi, Fundi Mageti

*

Marahaba, fundi. Na mimi nimefura, kwa hiyo tutaelewana.

Tuanze na kidole. Umejaza ukurasa mzima na hukusema kama dada yako amefika hospitali. Aliyeng'atwa na mbwa huosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha huenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na mwenye mbwa huulizwa kama mbwa amechanjwa dhidi ya kichaa. Kama bado hajaenda, weka gazeti chini umpeleke. Haya mengine yatakusubiri.

Umerudi? Basi sikiliza kosa lako. Karani anaogopa. Mbwa wa namna yake hubweka ili mgeni asogee mbali, na wewe umemfunga hatua moja, yeye mwenyewe hana pa kusogea. Halafu mgeni akitokea tu, unamtandika na kumkaba. Wewe unadhani anaelewa kwamba anapigwa kwa kubweka. Alichojifunza ni kwamba mbwa mgeni akionekana, yeye ataumia, na umemrudia somo hilo mwaka mzima. Mtu akikuzaba kofi kila mteja mpya anapoingia karakana, mwakani utawapenda wateja?

Kunguruma kulikuwa kumwambia mwenzake, "Niondokee." Ulimpiga mpaka akaacha kuonya, na sasa unalalamika anauma bila kuonya. Hebu niambie nani mwenye akili hapo. Na kule korido hakuwa ametulia hata kidogo, alikuwa amekakamaa. Mbwa aliyekaza mwili, kafunga mdomo na kukodoa macho amekwisha kusema yote. Ulimshika shingo, ukamsukumia mgeni puani, katika njia isiyo na upenyo, ukamuita dada ashuhudie. Majirani waache, hawakukushika mkono.

Bwana mifugo aje, ila sindano ibaki mkobani. Mwambie amkague meno, masikio na viungo, maana maumivu hufanya mbwa kuwa mkali, na amtibu yule jike sikio. Huo mnyororo uukate leo, mashine unayo. Karani akae nyuma ya karakana asikoona barabara, na yeye na yule jike watoke kwa zamu, mlango wa kati utiwe komeo. Nje avae kifuniko cha mdomo, kile cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, umzoeshe polepole kwa chakula.

Kisha mtembeze kwa kamba saa ambazo mbwa ni wachache. Tafuta umbali ambao anamwona mgeni na bado anakula. Mgeni akitokea, kipande cha nyama, kingine, kingine. Mgeni akipotea, nyama imekwisha. Akikataa kula umesogea mno, geuka mrudi, bila kelele na bila kuvuta. Itachukua miezi. Huenda asimpende mbwa yeyote, na hilo halina ubaya, wewe nawe sidhani kama unawapenda mafundi wote wa mtaa. Akiweza kuwapita bila vita, ameshinda.

Dada mwombe radhi kwa mdomo wako, na usitie "lakini". Mkeo mwombe miezi mitatu, na yeye ndiye atakayesema kama kuna mabadiliko, kwa sababu ndiye aliyeona hatari ukiwa unajisifu. Ukimpiga Karani hata mara moja ndani ya miezi hiyo, mtafutie mtu mwenye subira, umweleze yote, umkabidhi. Na usifuge tena, hata kuku.