Gunia la Maharagwe Lililoko Kwako

Gatitu,
Jumanne asubuhi.

Kwa dada yangu Wamucii,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Muriithi, na yule ng'ombe anayempenda kuliko wewe. Mimi ni mzima wa mwili, lakini tangu Ijumaa hata chapati laini imenishinda, mimi niliyezoea zako ngumu.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu imechukuliwa. Barua anaileta Junaid, yule wa duka la vitambaa ambaye huja Murang'a kila wiki.

Unakumbuka Krismasi nilivyojigamba ati mheshimiwa Kingori hawezi kuvuka hata mtaro bila mimi dereva wake? Basi sikia. Mwezi uliopita nilimpeleka Wamagana, balozi wa nchi moja ya mbali akitufungulia kiwanda cha maziwa. Baada ya hotuba akampa mheshimiwa saa ya dhahabu, watu wote wakiona. Karani wetu Murugi, mama asiyejua kucheka, akamkumbusha palepale kwamba Katiba inasema zawadi ya kazini ni ya Jamhuri, lazima ikabidhiwe. Mheshimiwa akasema sawa, kesho. Tulipofika kwa gari akaniambia nimwekee kwangu kidogo, ati haamini mwingine. Dada, kichwa kilivimba!

Nilimuuliza Murugi kwa nini Katiba nzima ihangaike na saa. Akanijibu kwamba mkubwa akishavaa saa ya watu wa nje, siku ya kukaa nao mezani kujadiliana atashindwa kuwaambia hapana. Nikamcheka, nikamwambia ana wivu kwa sababu hajawahi kupewa hata leso.

Halafu nikaivaa kwa harusi ya binamu yetu Wendy. Hata wewe ulinisifu, nikakudanganya ati nimeinunua Nairobi. Picha zikaenda kila mahali. Ijumaa iliyopita wapelelezi wakafika ofisini wakiuliza saa ya balozi iko wapi. Mheshimiwa akawaambia iliibwa kwa gari, na funguo za gari huwa na dereva. Nilimtazama usoni, yeye akatazama viatu vyake. Wakachukua simu yangu, wakanipa mpaka Ijumaa hii niilete. Jana akamtuma mtu kuniambia niitupe mtoni, ati atanikumbuka. Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote Gatitu, nilimfungia mlango tu.

Sasa hapa ndipo naogopa kuandika. Saa siwezi kuitupa, maana iko kwako. Lile gunia la maharagwe nililokuletea baada ya harusi, ukaniombea baraka, saa iko humo ndani ya soksi. Niliificha humo nikiogopa mwenye nyumba wangu angeiona. Na wewe hujawahi kurudisha kiondo cha mtu kikiwa kitupu. Anayekuletea kikapu cha ndizi unamchotea maharagwe. Tafadhali pekua gunia lote leo. Ukiikosa, fuata kila kiondo kilichotoka hapo. Ukiipata, usimpe mtu, hata Junaid. Nitaifuata Alhamisi. Ijumaa Murugi atanisindikiza niikabidhi, nami nitasema yote, hata ile ya kuivaa. Wakinifunga, nitakuwa nimefungwa kwa langu, si la Kingori.

Msalimie shemeji, lakini mama usimwambie bado. Na jirani yako Tabby akileta kiondo kabla sijafika, mrudishie kitupu. Mwache anune. Nitamwomba msamaha mwenyewe, kama nitakuwa nje.

Ni mimi mdogo wako, ambaye leo hana la kujigamba,
Theuri