Jina Yenye Fonie Haikusikia

Yaya Furaha, jambo sana toka Bukavu.

Unajua fonie: ukisema mu redio ile, kila mutu anasikia, hata waaskari. Njo maana Maman Riziki, mwenye kunilaza mu nyumba yake, mu fonie anaita bwana yake "maharagwe", juu alibakia upande ingine ya vita.

Leo, ku ordinatere (kompyuta) nzee ya parokia, yenye tuliunga ku fonie, Linux yangu, ile programu yenye ulikuwa unacheka, inafunga barua yake na neno ya siri yenye bwana yake tu anajua. Maman aliniuliza mara tatu: "Kweli waaskari hawataisoma?" Kisha akaandika pole pole jina ya bwana yake, yote. Barua ikapita mu fonie sawa kelele ya mvua ku mabati.

Nawapenda, ubusu watoto. Ile jina siiandiki hapa: hii ni kadi ya posta, kila mutu anaisoma.

Mudogo wako, Bahati