Glasi ya Baba

Dada Otilia mpendwa,

Huku Oaxaca hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri, na bata mzinga wako bado anatufukuza uani.

Mdogo wetu Herminio alikwenda kupimwa ubongo. Walimlaza ndani ya mashine, wakampa kitufe: taa ya kijani abonyeze, nyekundu aache. Akabonyeza zote. "Niliiona nyekundu, dada," akaniambia, "ila kidole kilishatangulia." Daktari akasema pombe imeichosha sehemu ya ubongo inayomzuia mtu. Tangu siku hiyo hakuonja tone.

Juzi ikafika Siku ya Wafu, usiku ambao wafu wetu hurudi nyumbani kututembelea. Mama alimwandalia Baba mkate, maua na glasi ya mezkali, pombe ileile iliyomuua. Unajua wafu wetu hunusa tu, hawapunguzi kitu. Kulipokucha, glasi ilikuwa tupu.

"Kaja!" Mama akashangilia. "Mzee kaja! Hata ahera hajaacha!"

Herminio alikuwa akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Nilitaka kusema, Dada. Lakini Mama hajacheka hivyo tangu mazishi, na glasi ameshaijaza tena.

Nduguyo,
Eufemia