Mwili Hauna Fundo la Kitenge

Mama wangu,

Riziki amekula! Nakuambia hili hata kabla ya salamu, maana najua ungeniuliza kabla hujaketi. Mjukuu wako amekula ndagala, vichwa na mikia, halafu akanyoosha bakuli: "Ingine!"

Tangu tukuzike hapa Rubondo, kijiji chetu cha wakimbizi, mtoto alikuwa hataki kitu. Kuhara kunakuja, kunaondoka, kunarudi. Yale mashavu uliyopenda kuyafinya yakaisha. Kidonda cha gotini kikagoma kupona. Niliogopa, Mama. Niliogopa atakufuata.

Unakumbuka vile vidonge vya zinki tulivyopewa kituo cha afya, vya kuyeyusha ndani ya kijiko cha maji? Tumbo lilipotulia tu, ukavichukua vilivyobaki ukavifunga kwenye ncha ya kitenge chako. "Tuchunge hii ingine, kesho kuko mugonjwa mwingine." Ee, wewe na fundo lako! Chumvi humo, sindano humo, peremende ya Riziki humo. Nilikuwa nakucheka kwamba siku moja utafunga na mbuzi. Wala sikulaumu. Tulitoka Uvira mikono mitupu, nani kati yetu angetupa dawa? Hapa kijijini wote tunafanya hivyo hivyo.

Basi nikampeleka Riziki hospitali, Mbarara. Muuguzi mmoja, mama mcheshi wa huko, akampima, akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Wewe mama, hii dawa iko ya siku kumi zote, hata kama mtoto amepona." Akanieleza pole pole kwamba kuhara kukikoma, ndani bado hakujapona, na zinki nyingi imeshatoka. Ikipungua, mtoto hakui vizuri, kidonda kinachelewa kufunga, ugonjwa unamrudia, hata hamu ya chakula inapotea. Halafu akasema mwili hauna mahali pa kuweka akiba ya zinki, lazima iingie kila siku na chakula.

Hapo nikacheka, nikalia, watu wa benchi zima wakinitazama. Mama, mwili hauna fundo la kitenge! Nilitamani kukimbia nyumbani nikakueleze. Ungebisha, nakujua. Ungesema mwili wa huyo muuguzi ndio usio na akiba.

Akaniuliza tunakula nini. Mahindi na maharage, nikasema. Akasema maharage ni mazuri, ila niyaloweke kwanza na yale maji niyamwage ili mwili upate zinki yake, na nikipata, niongeze yai, nyama kidogo, au samaki wadogo. Aliposema samaki wadogo nikakuona kabisa, umeketi mlangoni, unachambua ndagala za soko la hapa na kuzinusa kwa dharau: "Hizi hazina harufu ya fasi ya kwetu." Kila siku ulisema hivyo, na kila siku ulikuwa wa kwanza kulamba sufuria. Sasa nikizikaanga nageuka kukusikia. Nyumba imekuwa kimya mno, Mama.

Muuguzi alitupa vidonge vingine, na safari hii dawa tulimaliza yote. Kwanza kidonda kilikauka. Halafu leo, ile "Ingine!" Nilimbeba nikazunguka naye uani mpaka jirani akauliza kama nimepata habari za kwenda Ulaya.

Kitenge chako ninajifunga mimi. Mwanzoni Riziki alikuwa akija, anapeleka mkono moja kwa moja kwenye fundo, hakuti kitu, ananiangalia usoni. Sikuweza kuvumilia yale macho. Siku hizi kila asubuhi nafunga humo ndagala kidogo za kukaanga. Anafungua mwenyewe, anatafuna, halafu anageukia mlango kukutafuta. Anajua ni wewe umemwekea.

Pumzika, Mama. Dawa haitalala tena ndani ya kitenge, nakuahidi. Lakini mkono wa Riziki hautatoka humo mtupu.

Binti yako,
Furaha