Kushuka Mti wa Paini

Kambini Mahale,
3 Juni 2024

Kaka Linus, kamwene!

Hamjambo hapo Makambako? Wifi Tabea hajambo? Mimi mzima. Mtandao huku hakuna. Barua inasafiri na boti ya vyakula mpaka Kigoma.

Utafiti wangu wa uzamivu unaniumiza kichwa. Nafuata sokwe tangu alfajiri, napima mabega na viwiko vyao wanapopanda na kushuka. Sasa profesa anataka niwalinganishe na watu wanaopanda miti mirefu kila siku. Nikiwakosa kabla mwaka haujaisha, sura nzima inakufa. Nikakukumbuka wewe na wenzako mnaochuma mbegu za paini kule Njombe. Niambie, ukishuka unatanguliza nini?

Mdogo wako,
Oktavia

Makambako,
30 Juni 2024

Mdogo wangu Oktavia,

Kamwene. Tu wazima, baridi tu ndiyo inatuonea. Asubuhi nyasi zina barafu.

Swali lako limenifurahisha. Kupanda hakuna maneno. Kushuka ndiko kwenye kazi: unageukia shina, unaning'inia kwa mikono, mguu unapapasa tawi usiloliona. Na ukikaribia chini, akili inatangulia kufika nyumbani huku mwili bado uko mtini.

Nami nikuulize: sokwe wako huanguka?

Ameniandikia Tabea, mikono yangu ina kazi.

Kaka yako,
Linus

Kambini Mahale,
21 Julai 2024

Kaka, kamwene. Za nyumbani?

Huanguka. Kuna jike mzee ambaye kiwiko chake kilipona kikiwa kimepinda. Anapanda bado, polepole. Nilikuwa namtazama nikakumbuka barua yako. "Akili inatangulia kufika nyumbani": hayo hasemi mtu ambaye hajaanguka. Na tangu lini wewe ukaandikiwa barua? Hata kadi za harusi yako uliandika mwenyewe.

Mkono una nini?

Mdogo wako,
Oktavia

Makambako,
12 Oktoba 2024

Oktavia, kamwene. Nisamehe kwa kimya. Mwandiko huu mbaya ni wangu.

Nilianguka Machi. Kiwiko kilivunjika, bega likateguka. Hospitali ya Ikonda walinitibu vizuri, lakini mkono haupiti usawa wa sikio. Kupanda miti ndiyo basi tena. Sikukuambia kwa sababu baba alipougua uliacha chuo mwaka mzima.

Kuna jambo jingine, hata Tabea halijui. Watu wote wanaamini nilianguka kutoka kileleni. Si kweli. Nilikuwa nimebakiza matawi mawili, kimo cha mlango. Miaka kumi na tisa mitini, halafu naangukia pale ambapo hata mtoto angeruka!

Tangu uliponiuliza, nakwenda shambani, nakaa chini, natazama. Ajabu, sikuwahi kumwona mtu akishuka. Siku zote nilikuwa juu. Wachumaji ni kumi na mmoja. Tisa kati yao, wakifika matawi ya mwisho, mkono unaachia kabla mguu haujatulia. Sokwe nao hivyo?

Kaka yako,
Linus

Kambini Mahale,
9 Novemba 2024

Kaka, kamwene. Pole. Nimelia, kisha nikatazama video zangu zote upya.

Hapana. Sokwe wangu hawaachii tawi mpaka mguu umekanyaga, hata wakibakiza hatua moja. Kwa nini sisi tunaharakisha? Profesa naye hajui, na kwa mara ya kwanza ameniambia, "Hilo sasa ni swali."

Nakuja Desemba na kamera. Lakini lazima nijue watu huanguka kutoka kimo gani, na mimi hawataniambia. Utawauliza?

Mdogo wako,
Oktavia

Makambako,
2 Desemba 2024

Oktavia, kamwene. Nyumbani salama.

Nimewauliza, Jumamosi baada ya kazi. Methodi, msimamizi wetu, akasema, "Hapa haanguki mtu."

Ikabidi nianze mimi. Tabea alikuwa ameleta chai, naye akasikia. Nikasema: kimo cha mlango. Nikangoja wacheke.

Hilario akapandisha suruali, akaonyesha kovu. "Mimi pia, kimo hichohicho." Akafuata Yusto. Mwishowe Methodi mwenyewe, akitazama pembeni: "Tawi la pili. Mwaka juzi. Mke wangu nilimwambia ni pikipiki."

Hapo ndipo tukacheka, na Tabea akacheka kuliko sote. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameushika mkono wangu huu mbovu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi: majina yetu wanne, kimo, na mkono ulioachia kwanza. Methodi anauliza kama sokwe nao huwadanganya wake zao. Nimemwambia utampimia.

Kaka yako,
Linus