Maji Yaliyorudi Kisimani

Jumatatu, 4 Agosti
Kijijini Olmotonyi tena. Baridi inang'ata vidole. Wiki iliyopita tulipasua mwamba wa kisima kwa shinikizo la maji, ili kitoe maji zaidi. Leo tumeanza kupima: pampu inavuta kutwa, geji iko chini inasoma shinikizo. Ufa ukiwa mzuri, maji hayashuki sana.

Jumanne, 5 Agosti
Hayakushuka hata urefu wa mkono! Bosi anashangilia kwenye simu. Anataka sahihi yangu kwenye ripoti ya vipimo ili pampu kubwa inunuliwe. Usharika umeshapanga ibada ya shukrani Jumapili. Mimi sina raha. Mwamba ule naujua, ni bahili.

Jumatano, 6 Agosti
Nimezunguka eneo peke yangu. Bomba la kumwagia maji tulililaza hadi korongoni. Limegeuzwa. Mdomo uko kwenye mfereji wa migomba, hatua chache kutoka kisimani, na udongo umelowa chapachapa. Kumbe tulikuwa tunavuta maji yaleyale, yanapenya na kurudi.

Mama Neema, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakuficha. "Mwanangu, maji yamwagike korongoni kutwa nzima na migomba inakauka? Hiyo si dhambi?"

Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Sikuwaeleza kwa nini maji yamwagwe mbali. Kosa langu.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia bosi sisaini. Akanikumbusha mkataba wangu unaisha mwezi huu, nifikirie.

Nimefikiria. Sisaini. Pampu kubwa itakikausha kisima, itaungua, na watu watabaki na mabomba makavu yenye jina langu. Asaini yeye. Nina hasira. Naogopa pia, kodi ya chumba changu mjini Kimandolu hailipwi kwa msimamo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimeiambia kamati ukweli. Kisha Mama Neema akachukua jembe, akaziba mfereji mwenyewe, akalirudisha bomba korongoni. Tumepima upya bila ruhusa ya mtu.

Maji yakashuka, yakashuka, yakasimama. Tulipozima pampu yakapanda polepole. Ufa upo, ila mdogo. Utatosha zahanati ya hapa, si kijiji kizima. Nimeandika hivyo. Hiyo nimesaini.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Neema alisimama mbele ya usharika akasema maji ni ya zahanati, majumbani tutaendelea kubeba ndoo. Hakuna aliyepiga makofi. Shukrani ikatolewa hata hivyo.

Katikati ya ibada bosi alituma ujumbe: mkataba hauongezwi. Niliusomea nje. Nikazima simu, nikarudi ndani. Mama Neema akasogea kunipa nafasi kwenye benchi, nikakaa.