Mshono wa Kaakaa

9 Februari

Mwanangu Daktari,

Salamu nyingi zikukute umeketi na umekula, si umesimama tangu asubuhi kama ninavyokujua. Sisi wazima, Mungu ni mwema. Mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, shule zimefungua na kila mtu anataka sare ya mtoto wake leo leo. Lakini hayo ni maumivu ya kazi, si ya ugonjwa.

Ningepiga simu, ila kwenye simu maneno hunikimbia, na kila nikikupigia nasikia mashine inanguruma nyuma yako. Barua hii nampa dereva anayeniletea vitambaa, anapita mtaa wako.

Mdogo wako anaendelea. Kile chuma ulichomwekea kwenye kaakaa kimekaa, ila Redio wetu, msemaji asiyezimika, ametoka kwenye stesheni. Mate yanamchuruzika, "sabuni" anasema "thabuni", shangazi yenu anamwigiza na wote wawili wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi sicheki sana. Ulisema taya lake la juu ni jembamba, la chini limelizidi, na tukiliacha hivyo mpaka awe mtu mzima itabidi wampasue mfupa hospitali. Neno hilo limenikaa rohoni. Kila jioni kabla ya kuzungusha ule ufunguo wa kukitanua chuma nasali, naye anaitikia "Amina" mdomo wazi, inatoka "aa-ii-aa".

Sasa swali. Ulisema nisukume ufunguo "nyuma". Nyuma ya nani? Mimi namtazama usoni. Nyuma yangu ni ukuta, nyuma yake ni mto aliolalia. Nimesukuma kuelekea kooni. Kama nimekosea niambie haraka.

Ni mimi mama yako mzazi.

14 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, na nimekula kabla ya kuandika ili nisikudanganye.

Nyuma ni kooni, umepata. Ukishaufikisha mwisho, uchomoe taratibu kwa kuushusha chini. Usiuvute mbele, utarudisha ulichozungusha.

Jambo la pili, meno yake mawili ya mbele yataanza kuachana, na mwanya utakuwa mkubwa. Usishtuke. Hiyo ndiyo dalili kwamba taya linatanuka. Nitapita mwezi ujao nimwangalie, na nikisema "basi", ndiyo basi, usizungushe tena. Chuma chenyewe kitabaki humo miezi mingi.

Kliniki inapumua. Tuna viti viwili, dada wa mapokezi, na mimi. Asubuhi nabadilisha nyaya za kunyoosha meno, mchana nabandika upya vifungo vilivyobanduliwa na peremende. Kila mtoto anaapa hajala peremende, na ulimi wake ni wa kijani. Watu wanachungulia mlangoni: "Mnang'oa hapa?" Nikiwaambia napanga meno, siyang'oi, wanasema "Aa, basi," wanaondoka. Niombee.

Mwambie shangazi aache kumwigiza mtoto.

Mwanao.

16 Machi

Mwanangu Daktari,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Tangu ulipopita Jumapili ile ukamwangalia na kusema "basi", nimeuweka ufunguo kabatini na sijaugusa. Mikono yangu imepumzika, na mtoto amekwisha uzoea mdomo wake, anaongea kuliko zamani.

Mwanya je! Hapa mtaani umekuwa habari. Wanawake wanaokuja kupimwa magauni wanamwambia, "Hebu cheka tuone," naye bila aibu anacheka. Shangazi alipomwona vizuri mchana alikaa kitako: "Huyu ni bibi yenu mtupu! Mwanya ule ule!" Fundi viatu wa hapo chini kasema mwanya kama huo watu wanazaliwa nao kwa bahati, hauwekwi na daktari. Nikamwambia wa kwangu umewekwa na mwanangu wa kuzaa. Najua ulisema siku za mbele utampanga meno ya mbele, lakini kwa sasa tuache tufurahi nao. Mwenyewe anapigia mluzi humo, sina amani.

Nakuombea kila siku wateja wanaojua tofauti ya kung'oa na kupanga.

Mama yako.

29 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi si mzima sana, si mwili, ni moyo.

Nimepiga simu yako, ikalia, nikaikata mwenyewe kabla hujapokea. Nimeona aibu. Acha niandike.

Mwanya unafunga. Mwanzoni nilidhani macho yangu, nikampeleka mlangoni kwenye mwanga. Kweli unafunga, tena haraka, meno yanasogeleana kama watu waliopatana. Nikasema taya linarudi lilikotoka, kazi yote imekwenda bure, na mtoto atapasuliwa. Shangazi akasema, "Si una ufunguo? Zungusha." Nami nikazungusha. Uliniambia basi ni basi, nami nikazungusha, siku moja, na ya pili, na ya tatu. Jana kaniambia, "Mama, inabana mpaka puani," na machozi yakamtoka, na unajua huyu si wa kulia. Hapo nikaacha.

Sasa sijui nimeharibu kwa kuzungusha au naharibu kwa kuacha. Nimekata gauni la watu vibaya, la kwanza tangu nijue mkasi. Kila nikisali nasahau ninaomba nini, naishia kusema tu, "Mungu, mdomo wa mtoto."

Dereva kasema atakupa mkononi. Nijibu kupitia yeye yule.

Mama.

30 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Dereva amesimama mlangoni anasubiri, nimemwomba mgonjwa wangu avumilie, kwa hiyo nianze na la muhimu: hujaharibu kitu. Kaa chini, pumua, halafu uendelee kusoma.

Mwanya lazima ufunge. Unafunga wenyewe, kwa kila mtoto.

Wewe ni fundi, utanielewa. Katikati ya kaakaa kuna mshono, unapita juu ya ulimi kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa mtoto haujashikana sawasawa. Chuma kile kilifumua ule mshono na kuachanisha pande mbili, kama gauni linalobana unavyolifumua ubavuni kulipanua. Meno ya mbele yamekaa pande mbili za mshono, ndiyo maana yakaachana. Lakini fizi zinazoyaunganisha zina mvutano kama lastiki, na ukiacha kuzungusha zinayavuta yarudiane. Meno ndiyo yanayorudi, Mama. Taya haliendi popote, chuma kimelishika kama pini zako zinavyoshika kitambaa kabla ya kushona, na mfupa mpya unajaza pale katikati. Ndiyo sababu sikitoi upesi.

Zile siku tatu zimemwongezea upana kidogo. Sisi wenyewe huwa tunapitiliza kidogo kwa makusudi, kwa kuwa baadaye chuma kikitolewa taya hujirudi kidogo. Usiongeze tena. Mlete Jumamosi nimpime kwa macho yangu.

Na kosa ni langu. Nilikuambia utafunguka, sikukuambia utafunga. Kwangu ni jambo la kila siku mpaka nikasahau kwamba kwa mwingine ni la kutisha. Si wewe tu. Kuna baba mmoja alimwondoa binti yake hapa kwa hasira, amesimama katikati ya chumba cha kusubiria, kimejaa: "Daktari gani huyu? Meno ameyafungua, sasa yamejirudia!" Watu wawili wakatoka nyuma yake. Tangu siku ile kiti kimoja kinashinda kitupu, na mimi nilijiambia yule ni mkorofi tu. Nimesoma barua yako, nikamwelewa. Nimempigia sasa hivi. Kasema, "Kumbe! Si ungesema?" Analeta mtoto Jumamosi.

Dereva anapiga honi.

Mwanao.

6 Aprili

Mwanangu Daktari,

Salamu za amani. Tumefika nyumbani salama, na nimelala usingizi wa mtoto mchanga.

Pale kwenye kiti sikukuambia, lakini ulipomwingizia kile kioo kidogo mdomoni, mimi nilikuwa nakusoma paji la uso. Ukikunja hapo katikati ya nyusi, najua mambo si mazuri, tangu ukiwa darasa la kwanza. Hukukunja. Ulimng'atisha mtoto, ukamwambia fungua, ng'ata tena, kisha ukasema, "Imekaa." Neno moja tu! Mimi niliegemea ukuta, yule dada wa mapokezi akaniletea kiti na maji, akaniuliza kama na mimi nimekuja kufungwa waya.

Halafu yule baba. Tulikaa bega kwa bega pale nje, kila mtu na wake, hatutazamani. Mwisho akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, samahani. Na wewe wako ulifunga?" Nikasema ulifunga. Akatazama mlango wako, akasogea zaidi. "Ukazungusha?" Nikamwambia, "Baba, nilizungusha." Akasema, "Na mimi." Basi tulicheka kama watoto waliovunja sahani, mpaka binti yake akaona haya akahama benchi. Mama mmoja aliyekuja mara ya kwanza akauliza tunacheka nini, nikamweleza kuanzia mwanzo: utafunguka, usishtuke, utafunga, usishtuke. Yule baba anaitikia kila neno kama yuko ibadani. Naona yule mama alibaki, hakutoka.

Leo mchana mdogo wako kang'ata pera, kaliacha mezani, kakimbilia nje kwa wenzake. Nikaliokota nimgombeze. Macho yakaangukia alipong'ata. Alama za meno zimekaa kwa duara, pana, jino baada ya jino, hakuna lililopanda jingine. Nilisimama nalo mkononi, cherehani imesimama, mteja ananiuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia hakuna, namshukuru Mungu.

Kisha nikalila lililobaki, na mbegu zake.

Ni mimi mama yenu.